Msiba wa Kinyozi Aliye Hai

Kinyozi ni mtu wa kuogopwa. Unamkabidhi kichwa chako, anakufunga shuka shingoni, ameshika wembe, halafu anakuuliza unaonaje mambo ya mpira. Nani atabisha? Ndiyo maana Yotamu Jere, kinyozi wa soko letu hapa Luanshya, alifika umri wa mvi akiamini hakuna jambo asilolijua. Waliompinga walingoja kwanza wanyolewe, walipe, watoke nje, ndipo waseme.

Mtu mmoja tu hakumwogopa: Bana Kasuba, mama yake Kasuba, mjane aliyeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, kwenye madumu ukuta kwa ukuta na kibanda chake. Jere ni Mngoni, Bana Kasuba ni Mbemba, na Wangoni na Wabemba ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Mngoni huambiwa anakula panya, Mbemba huambiwa anakula nyani, na mtani hakasirikiwi. Akikuvua kofia, kofia imekwenda. Akikutukana mbele ya mchungaji wako, cheka, tena cheka vizuri, maana ukinuna unatozwa kuku.

"Mla panya amefungua duka," Bana Kasuba alisema kila asubuhi akishusha madumu.

"Shikamoo bibi wa nyani," Jere alijibu akifuta kioo. "Watoto hawajambo huko mitini?"

Basi ndiyo salamu hiyo. Siku ambayo hawakutukanana, wenye vibanda jirani walinyoosha shingo wakaulizana nani mgonjwa.

Na mgonjwa alikuwapo, tusifichane. Jere alikuwa na virusi vya Ukimwi tangu zamani, na miaka mingi alimeza dawa zake akawa na mwili kama fahali. Kisha ule ujuaji wa kinyozi ukampanda. Akajiambia kwamba gari likishatengemaa halipelekwi gereji kila siku, akaacha dawa. Gari likaenda, likaenda, likaanza kukohoa. Mashati yakawa mapana, suruali ikashikiliwa na mkanda na dua. Watu wakimwuliza alisema amefunga kwa ajili ya maombi. Mwisho alijipeleka kliniki mwenyewe, kwa kupitia mlango wa nyuma, kofia imeshuka hadi puani.

Huko alikutana na Dokta Namukolo, mwanamke mfupi asiyezungusha maneno.

"Ba Jere, kinga yako imeshuka chini kabisa," alimwambia, kwa lile "Ba" la heshima. "Na damu yako tumeipima, ina alama ya fangasi."

"Fangasi," Jere akasema, na moyo wake ukatulia. Alidhani ataambiwa jambo kubwa.

"Si wa vidole vya miguu. Huyu anakaa kwenye vumbi na kwenye kinyesi cha njiwa. Sote tunamvuta puani, mimi na wewe. Mwili wangu unamfukuza, wako hauna askari. Sasa yumo kwenye damu na safari yake ni kichwani. Akifika kwenye ubongo tutakuwa tunashindana mbio na jeneza. Kwa hiyo tunamtangulia. Vidonge hivi, vingi kila siku kwa sasa, baadaye tutavipunguza. Tukishamtuliza ndipo tunarudisha zile dawa zako za zamani. Na leo ningependa tutoe maji kidogo mgongoni, tuwe na hakika bado hajafika."

Aliposikia mgongo, Jere akasimama. Mtaani kwetu kila mtu anamjua mtu aliyechomwa sindano ya mgongo akafa. Hakuna anayejisumbua kuuliza alipelekwa pale akiwa na hali gani. Jere akachukua vidonge, akashukuru, akasema mgongo wake hauna tatizo lolote.

"Kichwa kikianza kuuma, ukitapika, mwanga ukikuchoma macho, usingoje kesho," Dokta Namukolo alimfuatia hadi mlangoni. Jere akaitikia kama mtu anavyoitikia tangazo la redio.

Sasa nisikilizeni jinsi mtu anavyopotea akiwa kwenye kazi yake mwenyewe. Katika maelezo yote yale, Jere aliondoka na maneno mawili tu: fangasi, na kichwa. Na ni nani mjini Luanshya aliyejua fangasi wa kichwa kumshinda yeye? Mapunye ya watoto alikuwa akiyatibu kabla huyo daktari hajaota meno. Kanuni yake ilikuwa moja: nyoa, futa kwa spiriti, paka. Hakuna mtu aliyewahi kumpelekea mapunye akamwambia ameze kitu. Tumbo na kichwa wapi na wapi? Dawa ikipita tumboni itachelewa, na adui kumbe yuko njiani kwenda juu. Akaona madaktari ni watu wazuri, ila hawajakaa na vichwa.

Akajinyoa upara. Akavisaga vidonge kwa chupa tupu ya soda, akachanganya ule unga na mafuta ya mgando kwenye kopo, akajipaka utosini asubuhi na jioni. Kichwa kikang'aa hata nzi akateleza. Na kwa kuwa hakuwa mchoyo, mtoto akiletwa na mapunye alimpaka naye kidogo. Wawili wakapata nafuu, watatu wakabaki vile vile, lakini sifa ilizungumzia wale wawili.

Bana Kasuba alilichukua lile kopo siku ya soko, kwa haki ya utani, bila kuomba. Alitaka kumpaka mjukuu wake.

"Mwizi," Jere akamwita. "Wabemba mnazaliwa na mikono mirefu, ni kwa ajili ya matawi."

"Nyamaza, paka asikusikie," Bana Kasuba akajibu, akafungua kopo, akachovya kidole. Akaona punje nyeupe. Akainama akatazama chini ya kiti cha kunyolea, akaona chupa ya soda, karatasi ya kliniki, na vidonge vichache vilivyongoja kusagwa. Akaokota kimoja, akakigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Hivi unavimeza?" aliuliza.

"Vinasagwa."

"Ba Jere, hivi vinamezwa. Mume wangu walimpa hivi hivi, akiwa amelazwa tayari. Walisema vingekuja mapema vingemkuta mtu, sasa vimekuta maiti inayopumua. Meza, nakuomba."

Hakukuwa na mzaha hata chembe katika sauti yake. Na hilo ndilo lililomchekesha Jere. Tangu amjue, mwanamke huyu hajawahi kumwambia neno la kweli. Aliwahi kumwambia nyumba yake inaungua, akakimbia akamwacha mteja kanyolewa nusu, kumbe uongo. Aliwahi kumtangazia sokoni kwamba ameposa bibi wa kanisani, na bibi mwenyewe akaja kuulizia. Leo amwamini kwa uso mmoja wa huzuni?

"Umekuwa fundi wa kuigiza," Jere akamwambia akifuta machozi ya kicheko. "Hilo la marehemu kulitia humo umezidi, lakini fundi wewe."

Bana Kasuba akabaki amesimama na kidonge mkononi. Utani una dawa nyingi, ila ubaya wake ni huo: aliyekuzoea kwa mzaha hawezi kukusikia ukiwa na jambo. Alirudi kwenye madumu yake akakaa, na siku ile mteja aliyetaka munkoyo ilibidi amwite mara mbili. Aliumia, si kwa kuchekwa. Aliumia kwa sababu alimwona Jere akikisogeza kiti chake mbali na mlango, akijikinga macho dhidi ya jua.

Kweli, kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga Jere. Kidogo tu, nyuma ya macho. Akasema ni spiriti, akaongeza mafuta.

Kesho yake alikuwa bado anakunywa uji nyumbani kwake aliposikia kilio mlangoni. Kilio cha msiba hasa, kile cha kuvuta kutoka tumboni. Akafungua mlango akidhani jirani amefiwa. Bana Kasuba akampita kama hamwoni, kitenge kimefungwa kiunoni, nyuma yake wanawake wa Kibemba wa soko zima, na nyuma yao wanaume wamebeba jiko la mkaa.

"Yotamu wee," Bana Kasuba akalia. "Umetuacha, Yotamu."

"Niko hapa," Jere akasema.

"Hata sauti yake bado naisikia," Bana Kasuba akawaambia wenzake, na wanawake wakazidisha kilio.

Ndani ya muda mfupi viti vyake vilikuwa nje, meza nje, redio nje. Wanawake wakakaa sakafuni wameegemea ukuta, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye msiba. Wanaume wakawasha mkaa uani wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini marehemu aliugua nini. Mtu akaupata unga jikoni, ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi ambao Jere alipewa na baba yake, akaweka maji ya ugali. Aliyecheka kuwashinda wote ni Mwelwa, mchomeleaji wa mageti, Mbemba mwenye kifua kama pipa.

Jere angefanya nini? Kukasirika hawezi, kufukuza hawezi. Akaegemea mlango wa chumba chake akakunja mikono, akicheka kwa jino pembe.

Bana Kasuba akatoka chumbani amevaa koti jeupe la kinyozi. Akatembea kama Jere, kiuno mbele, kidevu juu. Akamkalisha mwanamke mmoja, akamnyoa kwa kijiko, akamhubiria juu ya serikali na mpira na namna ya kulea mke, naye hana mke. Watu wakagaragara. Hata Jere akaanza kucheka hasa, maana alijiona.

"Alikuwa mtu wa watu," Bana Kasuba akatangaza. "Alikula panya wa kwao Chipata wote wakaisha, akahamia huku kutafuta wengine. Alijua kila kitu. Na dawa alikuwa nayo. Jamani, alikuwa nayo mkononi. Akapewa ameze, akapaka." Akachovya kwenye kopo akajipaka kichwani, mzunguko, mzunguko. "Angepewa ugali angejipaka tumboni."

Jina la ugonjwa wenyewe hakulitaja. Jere aliliona hilo, na kicheko chake kikapungua kidogo, kwa kuwa mtani aliyeanza hivyo kwa kawaida haachi kitu.

Kisha Bana Kasuba akaanza kufa. Alianza kwa kukunja uso, akasogea mbali na dirisha. Akafunika macho kwa kiwiko. Watu wakacheka. Akashika kisogo kwa mikono yote miwili, akakaa, akalala upande, akainuka, akatafuta mahali pa kuweka kichwa asipate. Wakacheka tena, lakini wachache. Akatapika kwa kuigiza, akajifuta. Akamtazama mwanamke aliyekuwa karibu naye akamwuliza kwa adabu kubwa, kama mgeni aliyepotea njia, "Mama, samahani, hapa ni nyumbani kwa nani? Mke wangu umemwona?"

Hapo hakuna aliyecheka. Wote walimjua Bwalya, mume wake. Wote walimwona alivyokwenda. Mwanamke aliyeulizwa akaanza kulia, na safari hii kilio hakikuwa cha desturi. Bana Kasuba naye akabaki pale sakafuni ndani ya koti jeupe, ameacha kuigiza, machozi yanamtoka bila sauti.

Jere aliogopa. Niseme wazi: alijishika kwenye mlango kwa mkono mmoja. Mkono wake mwingine, bila yeye kuuambia, ulikuwa umefunika macho dhidi ya dirisha lile lile.

"Bana Kasuba," akasema. "Kilimwanzaje?"

"Kidogo tu," akajibu. "Nyuma ya macho. Akasema ni jua."

Wakaondoka wawili, yeye na upara wake, mwanamke na koti la kinyozi. Kliniki muuguzi akamwuliza Bana Kasuba ana uhusiano gani na mgonjwa.

"Nimefiwa naye tangu asubuhi," akasema.

Dokta Namukolo hakugomba. Alisikiliza habari ya chupa ya soda na mafuta ya mgando mpaka mwisho, akageukia ukutani kidogo, mabega yakamtikisika, akarudi na uso wa kazi. Akamlaza Jere ubavu, magoti kifuani, akamwambia asitikisike hata kidogo.

"Amejikunja vizuri," sauti ya Bana Kasuba ikasema nyuma ya pazia. "Ni mazoea. Wanalala hivyo shimoni na chakula chao."

"Mama, tafadhali," daktari akasema. "Anacheka, na mimi nina sindano."

"Dokta, mfukuze," Jere akasema, na ndani ya moyo wake aliomba asifukuzwe. Alishika ukingo wa kitanda akafumba macho. Sindano ilipoingia alihisi msukumo, ganzi, na hofu ya miaka ya hadithi za mtaani. Hakufa. Alishangaa kidogo, kama mtu aliyenyimwa alichoahidiwa.

Majibu yalipokuja, Dokta Namukolo alikaa kwenye kiti kabla ya kusema, na Jere akapata muda wa kuyaona mazishi yake yote.

"Maji ya mgongo wako ni safi," akasema. "Hajafika. Kichwa kinakuuma kwa njaa, na kwa hiyo spiriti unayojimwagia. Lakini alama kwenye damu bado ipo, Ba Jere, na umepoteza siku ambazo huna. Tunaanza upya leo. Kumeza."

Alimpa vidonge vingine. Bana Kasuba akaomba glasi ya maji palepale, lakini Jere akakataa. Akavitia mfukoni.

"Nyumbani," akasema.

Bana Kasuba akamwangalia kwa jicho la kuhukumu, na njia nzima hakumtukana hata mara moja, jambo lililomtisha Jere kuliko sindano.

Nyumbani msiba ulikuwa umenoga. Waombolezaji hawatawanyiki kabla ya mazishi, hiyo ni sheria, na dagaa wake wa kapenta walikuwa wameshapikwa na nyanya. Jere akasimama katikati ya sakafu yake. Akaomba maji. Kikombe kikapita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia. Jambo hili alikuwa amelificha kwa miaka, akapita milango ya nyuma, akafunga mifungo ya uongo, na sasa aliona heri asijipe tena mahali pa kujificha.

"Mimi nina virusi vya Ukimwi," akasema. "Nilikuwa na dawa zangu nikaziacha kwa ujuaji. Sasa kuna fangasi anataka kunipanda kichwani. Hivi ndivyo vya kumzuia."

Kisha mwanamke mzee aliyekuwa pembeni, mdomo umejaa ugali, akasema, "Tunajua, mla panya. Meza."

Akameza. Kimoja baada ya kingine, wote wakimwangalia koo. Alipomaliza, wanaume wakamwaga maji kwenye mkaa, viti vikarudishwa ndani, na ugali haukubaki hata ukoko.

Baada ya hapo Jere akawa kioja cha kila asubuhi. Bana Kasuba alisimama mbele ya kibanda na kikombe cha maji, akitangaza soko zima lije lione Mngoni anavyomeza kitu kisicho na mkia. Zile dawa za zamani nazo zikarudishwa wakati daktari aliporidhika. Suruali ikaanza kukumbuka kiuno.

Asubuhi moja akaja Mwelwa, yule mchomeleaji. Akakaa kwenye kiti, akafungwa shuka. Alikuwa na mzaha kama kawaida yake, akauliza kama wembe umepakwa dawa. Jere akaanza upande wa kushoto. Katikati ya kichwa Mwelwa akaacha mzaha. Akamtazama Jere kupitia kioo, na kile kifua cha pipa kikaonekana kimetoboka mahali.

"Ba Jere," akasema kwa sauti ambayo jirani asingeisikia. "Yule dokta wako. Anapokea hata mtu ambaye hajawahi kupimwa? Nimepungua. Na usiku kichwa kinaniuma."

Jere aliuweka wembe chini. Alijua maneno ya daktari yote sasa, angeweza kuyapanga moja moja. Lakini alijua pia kwamba mwanamume wa namna hii akihubiriwa atasema asante, atalipa, ataondoka, na haitaonekana sura yake tena. Akachungulia nje. Bana Kasuba alikuwa anagombana na mteja. Jere akafunga mlango, akaweka mkono kwenye bega la mtani wake, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio.

"Mwelwa wee," akalia, polepole sana, kilio cha msiba kisichopita ule mlango. "Umetuacha, Mwelwa. Nani atatuchomea mageti. Nani atakula nyani wa Luapula."

Mwelwa akacheka. Akacheka tena, kisha kicheko kikageuka kilio, akauficha uso kwenye shuka. Jere hakuacha. Aliendelea kumlilia sikioni, jina kwa jina, mke, watoto, mpaka mabega yale makubwa yakatulia.

"Kliniki wanafungua saa ngapi?" Mwelwa akauliza ndani ya shuka.

"Wameshafungua. Simama."

"Kichwa changu je? Umenyoa nusu."

"Maiti hachagui," Jere akasema, akamvalisha kofia yake mwenyewe, akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele.